Poloksama 407 katika maji ya Dodoma: tathmini ya unga wa miseli na namna unavyoihimili chumvi

Poloksama 407 ni unga mweupe ambao viwanda vya dawa na vipodozi huutumia kuyeyushia majini vitu visivyokubali maji. Upo katika baadhi ya dawa za kusukutulia kinywa, ambamo huyashika mafuta ya mnanaa yasielee juu, na upo pia katika jeli za kupaka ambazo hubaki majimaji zikiwa kwenye jokofu na kuganda zinapoigusa ngozi yenye joto. Tangu mwaka 1972, Irving Schmolka alipoandika kuhusu jeli yake kama tiba ya majeraha ya moto, umepata nafasi ya kudumu katika maabara za famasia. Nimekuwa nikiutumia hapa Dodoma kufundishia na kutengenezea sampuli ndogo, na swali ninaloulizwa zaidi na wanafunzi, na hata na akina mama wanaotengeneza mafuta ya nywele pale Chang'ombe, ni moja: je, unga huu unafaa kwa maji yetu haya yenye chumvi?

Jibu langu ni kwamba unafaa, tena kuliko bidhaa nyingi za jamii yake, lakini anayeuuza anapaswa kumwambia mnunuzi mambo ambayo kwa kawaida hamwambii. Chupa yangu niliiagiza kwa wakala wa kemikali wa Dar es Salaam, ikaletwa kwa basi hadi stendi ya Nanenane. Ilifika ikiwa imefungwa vizuri, na unga ulikuwa mkavu. Kasoro ilikuwa kwenye lebo. Wakala alikuwa ameuhamishia unga kwenye chombo chake, akaandika jina, uzito na maneno "yeyusha kwenye maji". Hakutaja maji ya namna gani, ya joto gani, wala unga ule ni wa daraja la dawa au la viwandani. Hati ya uchunguzi wa ubora niliipata baada ya kuidai mara kwa mara. Kwa bidhaa ambayo tabia yake yote hutegemea joto na vitu vilivyoyeyuka majini, huo ni upungufu mkubwa.

Ili tathmini hii ieleweke, ni lazima kwanza niseme kilichomo ndani ya unga. Kila molekuli ya poloksama 407 ni mnyororo wenye vipande vitatu vilivyoungana. Vipande viwili vya pembeni ni poliethilini oksaidi, kila kimoja kikiwa na viungo vipatavyo 100, navyo hupenda maji. Kipande cha katikati ni polipropilini oksaidi chenye viungo vipatavyo 65, nacho hukwepa maji, hasa yakiwa na joto. Kemia huita minyororo ya namna hii kopolima za bloku. Tarakimu za jina lenyewe hubeba habari: 40 ukizidisha kwa 100 hupata makadirio ya uzito wa molekuli wa kipande cha katikati, na 7 ukizidisha kwa 10 hupata asilimia ya uzito inayochukuliwa na vipande vya pembeni, yaani 70.

Unga huu ukiwa mwingi wa kutosha na maji yakiwa na joto la kutosha, minyororo hujikusanya kwa makumi, vipande vya katikati vikijificha ndani na vile vya pembeni vikitanda nje kuyaelekea maji. Mkusanyiko huo ndio miseli. Upana wake ni takriban nanomita 20 hadi 30, mdogo kiasi kwamba kimiminika hubaki angavu machoni, na ndani ya kiini chake ndimo mafuta au dawa isiyoyeyuka hupata makao. Kwa mkorogo wa asilimia 1 katika maji yaliyokenekwa, miseli huanza kujitokeza kwenye nyuzi joto takriban 24 za Selsiasi. Chini ya hapo minyororo huogelea mmoja mmoja na haibebi chochote cha maana.

Nyuzi 24 hizo si jambo dogo kwa mkazi wa Dodoma. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya mwezi Julai chumba kisicho na dirisha zuri hushuka chini ya nyuzi 20 bila shida, ilhali mchana wa Oktoba hupita 30. Maana yake ni kwamba mkorogo uleule, katika chupa ileile, unaweza kuwa na miseli saa nane mchana na usiwe nayo alfajiri. Mtengenezaji anayelalamika kwamba mafuta yake yamejitenga usiku pengine hana kosa lolote katika vipimo. Ameachwa na joto tu.

Hapa ndipo chumvi inapoingia. Ioni za chumvi ya mezani, hususan kloraidi, hujizungushia molekuli za maji, na kwa hiyo hupunguza maji yaliyo tayari kukaa na minyororo ya poloksama, kama wageni wanaoteka mtungini kabla ya wenyeji. Kipande cha katikati, ambacho tangu awali kilikuwa na uhusiano hafifu na maji, hukosa sababu ya kubaki peke yake na hukimbilia wenzake. Matokeo ni kwamba miseli huanza kwenye joto la chini zaidi, na huhitaji unga mchache zaidi ili ijiunde. Kwa lugha ya mtumiaji, chumvi ya mezani huifanya miseli ya poloksama 407 kuwa ngumu zaidi kusambaratika.

Nililitazama jambo hili kwa njia ambayo mwalimu yeyote wa sekondari anaweza kuifuata. Nilichukua manjano ya sokoni Majengo, kwa sababu rangi yake kuu, kurkumini, karibu haiyeyuki kabisa katika maji matupu lakini huingia kwa urahisi ndani ya kiini cha miseli. Nikaandaa mkorogo wa poloksama wa asilimia 1 katika chupa mbili, moja ya maji yaliyokenekwa na nyingine ya maji hayo hayo yenye asilimia 5 ya chumvi, nikatia manjano kidogo kila moja, nikazitikisa na kuziacha usiku kucha katika chumba cha baridi, kisha nikachuja kwa karatasi ya kuchujia. Asubuhi, chupa ya maji matupu ilitoa kimiminika chenye unjano hafifu, na manjano karibu yote yalibaki kwenye karatasi. Chupa ya chumvi ilitoa kimiminika angavu cha rangi ya dhahabu iliyokolea. Nilipozipasha zote mbili hadi joto la mchana na kutia manjano upya, tofauti ikapungua sana, kwa kuwa sasa hata maji matupu yalikuwa yamepita kizingiti chake. Yeyote anayetaka kuirudia kazi hii asitumie magadi badala ya chumvi, kwa sababu magadi huyageuza manjano kuwa mekundu na kuiharibu kurkumini, hivyo rangi haitasema kweli.

Asilimia 5 ni chumvi nyingi, na ni haki kuuliza maji ya bomba la Dodoma yana kiasi gani. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu hutoka kwenye visima virefu vya Makutupora, na kila nyumba yenye birika inayajua magamba meupe yanayobaki baada ya kuchemsha. Hata hivyo, maji yanayoweza kunyweka huwa na chumvi za kila aina zilizoyeyuka kwa kiwango kisichofika hata sehemu ndogo ya asilimia 5 hiyo. Nilipolinganisha mkorogo wa maji ya bomba na ule wa maji yaliyokenekwa, sikuona tofauti yoyote ya macho, wala sikutarajia kuiona. Hata dripu ya chumvi ya hospitali, yenye asilimia 0.9, husogeza kizingiti kidogo tu. Kwa hiyo wale wanaoogopa kwamba ukali wa maji ya Dodoma utaivunja miseli ya unga huu wana hofu isiyo na msingi. Sababu za kutumia maji yaliyokenekwa zipo, lakini ni nyingine: vijidudu, chembe za kutu, na viambato vingine vya mkorogo wako visivyopatana na kalsiamu.

Kalsiamu ndiyo inayoonyesha ubora wa bidhaa hii waziwazi. Sabuni ya kawaida ya mche, ambayo molekuli zake zina chaji hasi, hukamatana na kalsiamu na magnesiamu ya maji magumu, ikafanya utando mweupe na kukataa kutoa povu. Kila anayefua nguo katika vijiji vya visima huku anaijua taabu hiyo. Poloksama 407 haina chaji yoyote. Kalsiamu haina mahali pa kuishika, na mkorogo hubaki angavu. Kwa watu wa kanda ya kati, hii pekee ingetosha kunifanya niipendekeze.

Aina ya chumvi nayo ina uzito wake, tena mkubwa. Mwaka 1888, Franz Hofmeister, akiwa Prague, alionyesha kwamba chumvi hutofautiana katika uwezo wa kuitoa protini ya yai ndani ya maji, na mpangilio aliouona unafanana sana na ule unaoonekana kwenye poloksama. Salfeti, fosfeti na kaboneti zina nguvu kuliko kloraidi. Bromaidi ni dhaifu kuliko kloraidi. Thiosayanati huenda kinyume kabisa: hukaa karibu na minyororo, huisaidia kupatana na maji, na hivyo hupandisha joto linalohitajika ili miseli ijiunde. Ukiweka chumvi hiyo, miseli hulegea.

Jambo hili nililiona vizuri zaidi kwenye jeli. Mkorogo wa poloksama wa asilimia 20 humiminika vizuri ukitoka kwenye jokofu, na huganda ukifika kwenye joto la chumba, kwa sababu miseli huwa nyingi kiasi cha kubanana bila nafasi ya kusogea. Niliandaa chupa ndogo za mkorogo huo, moja bila chumvi, moja yenye chumvi ya mezani, moja yenye chumvi ya Epsom ambayo ni salfeti ya magnesiamu na hupatikana katika maduka ya dawa, na moja yenye thiosayanati ya potasiamu kutoka kabati la maabara. Nikaziweka zote kwenye beseni la maji baridi, nikaacha joto lipande polepole huku nikizipindua moja baada ya nyingine. Ya Epsom ilikuwa ya kwanza kukataa kumiminika, ikifuatiwa na ya chumvi ya mezani, halafu ile isiyo na chumvi. Ya thiosayanati iliendelea kutiririka wakati nyingine zote zimesimama imara. Wanafunzi waliokuwapo waliomba irudiwe, nami sikuwalaumu, kwa kuwa ni nadra kuuona mpangilio wa zaidi ya karne moja ukijipanga mbele yako ndani ya beseni la plastiki.

Chumvi ikizidi, wema wake hugeuka. Kloraidi na salfeti huanza kwa kuwanyima maji vipande vya katikati, jambo ambalo huifunga miseli, lakini zikiongezwa zaidi huwanyima maji hata vipande vya nje, ambavyo ndivyo vinavyoitenga miseli moja na nyingine. Vipande hivyo vikisinyaa, miseli zenyewe huanza kushikamana. Kimiminika hupata ukungu, na baadaye hujigawa tabaka mbili, moja yenye polima nyingi na nyingine yenye chumvi nyingi. Poloksama 407 ikiwa peke yake katika maji haipati ukungu huo hata kwenye joto la kuchemka, lakini salfeti au kaboneti ya kutosha hulishusha joto hilo sana. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba miseli zake ni thabiti katika chumvi, muulize anazungumzia kutosambaratika kwa kila miseli au kutogandamana kwa miseli nyingi, kwa sababu chumvi ileile inaweza kuliimarisha la kwanza na kuliharibu la pili. Katika chupa yangu moja niliyoijaza Epsom kupita kiasi, tabaka zito na tepetepe lilijitenga kabla ya jua la mchana kufika dirishani, na kulitikisa hakukusaidia.

Wapo wanaoniuliza kama si afadhali kununua kopolima za kisasa zaidi, hasa zile zenye vipande vya chaji. Ninaziheshimu, ila chumvi huzitendea tofauti. Chukua miseli ambayo ganda lake la nje ni asidi ya poliakriliki. Katika maji matupu, chaji hasi za ganda husukumana na kulitanua. Chumvi kidogo huziba misukumo hiyo, ganda husinyaa, na miseli huweza kukusanya minyororo mingi zaidi. Hadi hapo hakuna ubaya. Lakini ukileta kalsiamu, ioni moja huweza kushika vikundi viwili vya asidi kutoka miseli mbili, na mkorogo hutoa mashapo. Hiyo si bidhaa ya kuyeyusha kwa maji ya kisima cha Ugogo. Kuna pia miseli ambazo kinachozishikilia ni mvuto kati ya kipande chenye chaji chanya na kingine chenye chaji hasi, aina ambayo Kazunori Kataoka na Atsushi Harada wa Japani waliielezea mwaka 1995, na ambayo inatumika kubebea protini na vinasaba. Kwa hizo, chumvi ni adui wa moja kwa moja: kadiri ioni zinavyoongezeka, ndivyo mvuto unavyofifia, na nyingi husambaratika kabisa katika chumvi kali. Watafiti wanaozikusudia kwa ajili ya damu, ambayo chumvi yake inakaribiana na ile ya dripu, hulazimika kurefusha vipande vyenye chaji au kuvifunga kwa viungo vya ziada.

Kwa mizani hiyo, poloksama 407 ina udhaifu wake pia. Miseli zake hujiunda na kuvunjika muda wote, na ukizitia kwenye maji mengi hadi ukolezi ushuke chini ya kizingiti, huachia zilichobeba. Ndiyo maana, kwa dawa za sindano, wengine wamependelea kopolima zenye kiini kigumu zaidi. Dawa ya saratani Genexol-PM, iliyopata kibali Korea Kusini mwaka 2007, hubeba paklitakseli ndani ya miseli za poliethilini glikoli na asidi ya polilaktiki. Chumvi ya mwili huisaidia poloksama kidogo dhidi ya kuyeyushwa huko, lakini haiiokoi. Kwa jeli ya kupaka, dawa ya kinywa au kipodozi, udhaifu huo hauna madhara.

Onyo moja la dukani. Wapo mawakala ambao, wakiishiwa 407, hukupa 188 na kusema ni kitu kilekile. Si kilekile. Poloksama 188 ina kipande kifupi zaidi cha katikati, na mkorogo wake wa asilimia 1 hauundi miseli mpaka joto lipite sana joto la hewa la Dodoma katika mwezi wowote wa mwaka. Kuulazimisha kwa chumvi kunawezekana, lakini kiasi kinachohitajika hakifai kwa kitu cha kupaka usoni, sembuse cha kuweka kinywani. Kama lebo haionyeshi tarakimu zote tatu, rudisha.

Namna ya kuutumia ni rahisi ukishaijua. Usimwage unga kwenye maji ya moto, kwa sababu mabonge hujifunika jeli kwa nje na hubaki makavu ndani kwa masaa. Nyunyiza kidogo kidogo kwenye maji ya baridi ya jokofuni huku ukikoroga taratibu, kisha kiache chombo jokofuni hadi kesho yake, povu litulie na unga uishe kuyeyuka. Chumvi, kama mkorogo wako unaihitaji, itiwe mwishoni ikiwa tayari imeyeyushwa pembeni. Ukitangulia kuiweka, unga utachelewa kulowana na jeli itakuwahi mkononi kabla hujamaliza kukoroga.

Bei yake ni kubwa kwa mtu wa kipato cha kawaida, na gharama ya kusafirisha kutoka Dar es Salaam huiongeza zaidi, ingawa kwa kuwa asilimia 1 ni gramu 10 tu kwa lita, chupa moja hudumu. Kwa anayetengeneza dawa ya kinywa au kuchanganya manukato na maji, ningesema anunue bila wasiwasi na atumie hata maji ya bomba katika majaribio ya mwanzo. Kwa anayetengeneza jeli, ajaribu kwanza kiasi kidogo akiwa na chumvi zote zitakazokuwamo kwenye bidhaa ya mwisho, kwa sababu jeli iliyopimwa bila chumvi haitaganda kwenye joto lilelile baada ya kutiwa chumvi. Kwa vyovyote vile, kabla ya kutuma fedha, dai hati ya ubora inayotaja daraja la famakopea (kitabu rasmi cha viwango vya dawa), tarehe ya kutengenezwa na kama kuna kizuia-oksidi kilichoongezwa, na chombo kikifika kikiwa wazi au unga ukiwa umeshikana mabonge, usikipokee stendi.